Mwacheni Paka na Miguu Yake Minne

Kila mchezo mpya wa Pokémon, mchezo wa video ambamo mchezaji hulea viumbe wa kubuni wanaobadilika umbo wakikua, unapokaribia, mimi huomba jambo moja tu: kiumbe mdogo wa miguu minne tunayepewa mwanzoni aendelee kutembea kwa miguu minne hadi mwisho wa makuzi yake. Mwaka 2016 nilimchagua Litten, mtoto wa paka mwenye asili ya moto, nikamlea kwa subira nikitarajia chui wa kutisha, lakini akasimama wima na kugeuka Incineroar, mwanamieleka mwenye mkanda wa moto kiunoni. Nikajipa moyo kwamba kosa halitarudiwa. Mwaka 2022 Sprigatito, naye paka, akaishia kuwa Meowscarada, mfanya mazingaombwe wa miguu miwili, tena mwenye joho.

Sisemi kwamba wabunifu wameishiwa mawazo, kwa maana viumbe 151 wa mwaka 1996 sasa wamepita 1,000, na miongoni mwao yumo Relicanth, aliyetokana na silikanti, samaki wa kale ambaye hunaswa hata Tanga, na ambaye hakuhitaji kuvalishwa chochote ili apendeze. Katika mchezo ujao nataka nyegere: mnyama mfupi, mkaidi, mwenye mgongo mweupe, asiyejali nyuki wala simba, na akishakua awe nyegere mkubwa zaidi, basi. Asipewe glavu za ndondi, asifundishwe kucheza dansi na, tafadhali sana, asivishwe suruali.