Socrates hakuwa akishindana

Mtu akimbana mwenzake kwa maswali mpaka akakosa la kusema, hawakosi wa kumsifu kwamba ametumia mbinu ya Socrates, mwanafalsafa wa Athens ya kale. Nazipinga sifa hizo. Dayalektika ya Wagiriki, yaani kutafuta ukweli kwa kuulizana na kujibizana, ilidai jambo ambalo mabishano hayana haja nalo: anayejibu aseme anachokiamini kwa dhati.

Plato, mwanafunzi wa Socrates, anatuonyesha mwalimu wake akijadiliana na Protagoras, mwalimu wa kulipwa aliyevuma Ugiriki nzima. Protagoras anapoulizwa kama haki na uchaji vinafanana, anajibu kwa ulegevu: ukipenda, na iwe hivyo. Socrates anakataa katakata. Hataki "ukipenda", anataka wapimwe wao wenyewe wawili. Ninamwelewa. Hoja ya kuazima ikivunjika, nani ameumia? Na asiyeumia atajifunza nini?

Mfano ninaoupenda kuliko yote umo katika Meno, kitabu cha Plato chenye jina la mtu anayezungumza na Socrates. Socrates anachora mraba wenye upande wa futi 2, eneo lake futi za mraba 4, kisha anamuuliza kijana mtumwa wa Meno: mraba wenye eneo maradufu utakuwa na upande wa urefu gani? Kijana anajibu bila wasiwasi: futi 4. Wanachora, eneo linafika 16. Basi 3. Wanahesabu, linakuwa 9. Hapo kijana anaapa kwa Zeus kwamba hajui. Socrates anamgeukia Meno na kumuuliza kama kijana amedhurika kwa kutiwa ganzi hivyo. Hakudhurika hata kidogo! Mwanzo alikuwa tayari kuutangaza uongo mbele za watu. Sasa ana hamu ya kutafuta. Baadaye anaoneshwa ulalo wa mraba wa kwanza, na jibu linapatikana: mraba unaojengwa juu ya ulalo huo una eneo la futi za mraba 8.

Plato anadai kwamba kijana alikuwa akikumbuka tu yale ambayo roho yake iliyajua kabla ya kuzaliwa. Hapo simfuati. Maswali mengine ya Socrates yanaelekeza waziwazi, na ulalo aliuchora yeye. Lakini ile hatua ya katikati, ya kuliacha jibu baya kwa sababu umeuona ubaya wake kwa macho yako, ilikuwa ya kijana mwenyewe.

Plato alijua pia jinsi mbinu hii inavyoharibika. Katika utetezi wake mahakamani, mwaka 399 KK, Socrates anasema vijana walimuiga wakaenda kuwahoji wakubwa wao, na walioumbuliwa wakamkasirikia yeye. Ndiyo maana katika kitabu chake Jamhuri Plato anawafananisha vijana wanaoonja mabishano na watoto wa mbwa, wanaofurahia kumrarua kila anayewakaribia, na anataka dayalektika ianze mtu akitimiza miaka 30, tena baada ya miaka mingi ya hesabu.

Hofu hiyo ina msingi, ila dawa yake siikubali. Huyo kijana wa Meno hakuwa amefundishwa jiometria na mtu yeyote. Meno mwenyewe alithibitisha hilo, maana kijana alizaliwa na kulelewa nyumbani kwake Meno. Alichohitaji ni muulizaji asiyetaka kumshinda, na huyo alimpata siku ileile, bila kungoja kutimiza miaka 30.