Mtoto yuko fomu ngapi?

Wiki jana niliandika kwa grupu letu la WhatsApp la kazini kwamba maonyesho ya vitabu pale Sarit yamekaribia, nani anakuja twende pamoja. Jamaa mmoja akajibu, "Kwani kuna kitabu cha Kiswahili mtu mzima anasoma?" Watu wakacheka, emoji kibao. Mi sikucheka. Hilo neno limenikwama kooni mpaka leo.

Sijui nyinyi, lakini Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi ndiyo sikukuu yangu. Unashuka matatu ya Kangemi pale Westlands, unatembea hadi Sarit, na hata kabla hujaingia ukumbini unasikia kelele za watoto wa shule, basi baada ya basi, sare za kila rangi, halafu ile harufu ya karatasi mpya inakupokea mlangoni. Vitabu ambavyo mwaka mzima ukiulizia dukani unaambiwa vimeisha, vyote viko chini ya paa moja. Mwisho wa Septemba ukikaribia mi hata usingizi unapungua.

Sasa sikieni. Mwaka juzi nilisimama kwenye stendi moja nikaomba riwaya nzuri ya Kiswahili. Dada wa pale, mpole kabisa, akaniuliza, "Mtoto yuko fomu ngapi?" Nikamwambia si ya mtoto, ni ya mamangu, ana miaka 67, yuko Likoni. Akafikiria kidogo, akainama chini ya meza, akanitolea mwongozo. Mwongozo! Ule wa maswali ya dondoo na "eleza muktadha wa maneno haya". Huyo dada simlaumu hata kidogo, maana tangu asubuhi wanaomjia ni walimu na wazazi, na wote wanataka kile kilicho kwenye silabasi. Hajawahi kuona mteja wa aina nyingine.

Tumekifanya Kiswahili kiwe somo, hilo ndilo linaniuma. Tunakiongea kuanzia kunakucha, tunagombana nacho kwa matatu, tunatongozana nacho, tunazikana nacho, lakini ukikitia ndani ya kitabu ghafla kinageuka mtihani. Mtoto anasoma riwaya huku anatafuta tashbihi za kupigia mstari, anamaliza fomu four, kitabu anakiuza kwa wale wa inama, wanaotandaza vitabu vya mitumba chini kando ya barabara kule tauni, na hapo ndoa imeisha. Miaka 20 baadaye ndiye huyo anacheka kwa grupu, na ukweli ni kwamba hajawahi hata siku moja kupewa riwaya akaambiwa shika, soma, hakuna mtu atakuuliza swali. Mamangu hakufika sekondari, dondoo hajui ni nini. Nilipompelekea Peponi, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya kitabu cha Abdulrazak Gurnah iliyotolewa na Mkuki na Nyota 2022, aliimaliza kwa siku nne, na usiku alikuwa ananipigia simu kumsema yule tajiri Aziz aliyemchukua kijana Yusuf kwa deni la babake, anamsema kwa hasira kabisa kama jirani yetu wa mlango wa pili. Huyo ndiye msomaji. Wako wengi kama yeye na hakuna anayewaulizia.

Wachapishaji watasema vitabu vya shule ndivyo vinalipa kodi na mishahara. Sawa, nakubali, shingo upande. Na serikali nayo tangu 2013 inatoza VAT ya asilimia 16 kwa vitabu, jambo ambalo sijalielewa na sitalielewa.

Lakini msiniambie hamu haipo. Mwaka jana nilimwona msichana, gredi ya sita hivi, sweta ya kijani imetoboka kiwiko. Wenzake walikuwa wanang'ang'ania stika na kalamu za bure, yeye kasimama pembeni anasoma hadithi ya Kiswahili, midomo inacheza. Mwalimu akapuliza filimbi. Akageuza kitabu akaangalia bei, akafungua ngumi akahesabu pesa zake, akahesabu tena. Halafu akakirudisha, lakini sio pale alipokitoa, alikisukuma nyuma ya makamusi kule ndani kabisa, vile unaficha kitu unachotaka kukirudia kesho. Kufika pale nilipie, alikuwa ashamezwa na ule msururu wa sare. Na basi la shule haliji mara mbili.

Basi mwaka huu naomba kitu kimoja tu. Kila stendi iweke rafu moja ya Kiswahili cha kusoma tu, isiwe na mwongozo wala "marudio", na anayesimamia awe amesoma angalau kitabu kimoja cha hapo aweze kukusimulia kidogo. Na sisi watu wazima twende tuulize, tuulize kwa sauti, stendi hadi stendi, kwa sababu hawatachapisha kitu ambacho hakuna mtu amekiulizia.

Mi nishaomba ruhusa ya Ijumaa. Yule jamaa wa grupu nilimtumia meseji pembeni, tukaongea vizuri, amesema atakuja. Na jana mamangu alipiga: "Niletee kingine mwanangu, kiwe na hadithi, na hati iwe kubwa kidogo, macho yangu si ya jana."