Mtaro hauna marejesho

Tulikuwa watano, na kila karatasi tuliyoambiwa tuwe nayo tulikuwa nayo: katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao wenye muhuri wa mtaa, na andiko la mradi tulilochapisha steshenari kwa pesa ya kuchangishana. Andiko lilihusu mtaro unaoteremka kutoka upande wa Mwanga, hapa Kigoma, kuelekea ziwani. Kila Jumamosi tulikuwa tunauzibua kwa majembe ya kuazima. Tulichoomba ni toroli mbili, sululu, buti, glovu na hela ya kukodi trekta ya kupeleka taka dampo.

Afisa wa mikopo ya vijana wa halmashauri aliyetupokea alilisoma lote, tena kwa makini, jambo ambalo si la kila siku.

"Wadogo zangu, mradi ni mzuri. Kwa mwezi unaingiza shilingi ngapi?"

"Hauingizi, dada. Unazuia kipindupindu."

"Sasa hilo niliandike kwenye safu ipi?"

Simlaumu. Fomu yake ilikuwa na safu ya mtaji, ya faida na ya marejesho. Ule ni mkopo, na mkopo lazima urudi. Tukarudi kijiweni, tukafuta mtaro, tukaandika kuku chotara 200. Pesa ikatoka. Mwezi wa tatu mdondo ukaingia bandani, na aliyefuga anajua nikisema kuku alipinda shingo na kuharisha kijani. Marejesho tuliyamaliza kwa vibarua vya kupakua mizigo. Mtaro ukaziba.

Nimeikumbuka hadithi hii kwa sababu kila tukizungumza hapa Kigoma kuhusu fedha za vijana, mazungumzo yanaishia kwenye asilimia kumi. Katika kila shilingi 100 ya mapato ya ndani, halmashauri inatakiwa kutenga 10: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu, na mikopo yenyewe haina riba. Sheria ilirekebishwa mwaka 2018 ili kutenga fedha hizo kuwe lazima, kisha kanuni zikatoka 2019. Aprili 2023 Serikali ikasimamisha utoaji baada ya ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, kufichua madeni yasiyolipwa na vikundi hewa. Mikopo iliporudi katika mwaka wa fedha 2024/25, halmashauri kumi ziliteuliwa kujaribu utaratibu wa kupitishia mikopo benki, na Manispaa yetu ya Kigoma Ujiji ikawa mojawapo.

Sawa, vikundi hewa vikomeshwe. Lakini benki italiuliza andiko letu la mtaro swali lilelile la yule dada, na kwa ukali zaidi. Mfumo mzima unamjua kijana wa aina moja tu, yule mwenye kitu cha kuuza. Anayetaka kuzibua mtaro, kufundisha watoto wa mtaa kuogelea au kupanda miti kwenye vilima vinavyomomonyoka, anaambiwa aende kwanza akawe mfugaji wa kuku. Na nina wasiwasi kwamba baadhi ya madeni yaliyoshindikana ni kuku wa aina ile yetu, kuku wa kwenye karatasi ambao hakuna aliyewataka tangu mwanzo.

Dawa tunayo tayari, na haikutoka ng'ambo. Nchi hii tumejenga madarasa na zahanati kwa utaratibu unaoeleweka hata kijijini kabisa: wananchi wanasogeza mawe, mchanga na nguvu zao, wanainua boma, na Serikali inakuja kupaua na kumalizia. Hakuna anayeliuliza boma la darasa litarejesha shilingi ngapi kwa mwezi. Kwa nini nguvu za vijana zisihesabiwe hivyohivyo? Sisi tulete msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, halmashauri ilete toroli. Kwenye zile nne za vijana ikatwe hata nusu shilingi, iwe ruzuku ya kazi za jamii. Wanufaika wapitishwe kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa, na majina na kiasi vibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata. Kikundi hewa kinaweza kumdanganya mtu wa mezani, lakini kumdanganya Mama Lishe anayepika pembeni ya mtaro huohuo ni kazi nyingine.

Kuna atakayesema fedha haitoshi, na tukianza kugawa ruzuku kila mtu atajiita mhudumu wa jamii. Hoja hiyo ina uzito, ndiyo maana nasema walipwe vifaa na mafuta, si posho. Na nguvu kazi ipo. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wazaliane, vijana wengi wa mialoni walikaa wakicheza bao na kuhesabu siku. Ni kiangazi hicho, mvua zimekatika, udongo wa mitaroni umekauka na kuchimbika. Huo ndio wakati wa kuzibua. Ukisubiri Novemba, unazibua ukiwa ndani ya maji.

Na mwambao huu hauhitaji kukumbushwa kipindupindu ni nini. Mwaka 2015 kililipuka Kagunga, miongoni mwa wakimbizi waliovuka kutoka Burundi, na watu walikufa. Hapa mjini bado mtaro ni wa ofisi hii, taka ni za ofisi ile, mbu ni wetu.

Kikundi chetu kimebaki na watu watatu. Mmoja kaenda Kasulu, mwingine kaoa na Jumamosi zake zina mwenyewe. Juzi tulitoa mchanga na nepi mpaka tukaiona sakafu ya mtaro, kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu mwaka juzi. Toroli tuliazima kwa fundi mjenzi wa jirani, kwa sharti moja: saa nne asubuhi liwe limerudi saiti, limeoshwa.