Mayai 50 ndani ya mililita 10

Tangu chuo cha teknolojia cha IIT Madras cha India kifungue tawi Bweleo, Zanzibar, mwaka 2023 na kuanza kusomesha sayansi ya data na akili mnemba, swali halitoki barazani: kijana akihitimu aende benki, au abaki chuoni kutafiti maradhi? Wazee wengi wanasema benki, na siwalaumu. Utafiti ni uzamili, uzamivu, halafu mikataba mifupi inayokwisha siku fedha za mfadhili zinapokwisha. Mwenzake aliyekwenda kampuni ya simu keshajenga.

Wanaotetea utafiti hukimbilia AlphaFold, programu ya kubashiri maumbo ya protini iliyowapatia Demis Hassabis na John Jumper nusu ya Nobeli ya kemia ya 2024. Wanachosahau ni kwamba programu ile ilijifunza kutokana na maumbo yaliyopimwa maabarani na kuwekwa katika hifadhi ya data iliyoanzishwa 1971. Kompyuta ilikuta chakula kimeshapikwa.

Kwetu jiko lipo Wawi, Pemba, kwenye maabara ya Ivo de Carneri iliyofunguliwa mwaka 2000. Chukua kichocho cha mkojo. Mililita 10 za mkojo huchujwa, kisha mtu huinamia hadubini akihesabu mayai ya minyoo ya kichocho. Yakifika 50, maambukizi ni makali. Macho huchoka. Kuifunza kompyuta ihesabu kutoka kwenye picha ni kazi halisi, tena ya kijana wetu.

Sasa tuseme skuli ina watoto 1,000 na wenye kichocho ni 30. Programu inayojibu "hana" kwa kila mtoto itapatia mara 97 katika 100, na haifai kitu. Nyingine inawanasa 27 kati ya wale 30, ila katika kila wazima 100 inawasingizia 5. Itataja watoto 75 hivi, na 48 kati yao hawana ugonjwa. Ni kosa kubwa? Ikiwa shabaha ni kugawa praziquantel, dawa nafuu na isiyo na madhara makubwa, si balaa. Lakini ikiwa unatafuta kijito ambacho bado kinaambukiza, wale 48 watakuzungusha shehia nzima ukisaka konokono wanaoeneza kichocho mahali wasipokuwepo. Tofauti hiyo huioni kwenye skrini. Huijua aliyewahi kwenda na ndoo mabondeni.

Ndiyo maana naona abaki kwenye utafiti, ila biolojia aishike kwa mikono, asiisome juu juu kama somo la nyongeza. Wanaonipinga wana neno zito: mwenye ujuzi wa pande zote mbili ndiye wa kwanza kuchukuliwa na vyuo vya nje, na asiyechukuliwa huishia kukusanya sampuli ili wengine wachambue. Kwa hilo sina jibu kamili. Ninachomwomba, kabla hajatia saini, aulize mkataba ukisha zile picha za mayai zitabaki Wawi au zitapanda ndege na msimamizi wake.