Vifo vya vichanga Dar: mama kachelewa au wodi imeelemewa?

Kichanga akifariki Dar es Salaam, jibu la kwanza mtaani ni lilelile: mama kachelewa. Alivumilia uchungu nyumbani, kliniki alianza mimba ikiwa kubwa, akanywa na mitishamba.

Jibu hilo lina ukweli wake. Kichanga huzidiwa upesi: asubuhi anakataa ziwa, jioni mwili unachemka, usiku anahema kwa shida. Familia ikianza kwanza kumtafuta mganga wa kienyeji wa degedege, saa za kumwokoa zinakwisha.

Ila takwimu zinanikataza kuishia hapo. Kitaifa, kati ya utafiti wa afya wa 2015/16 na ule wa 2022, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000. Vya wasiotimiza mwezi vilitoka 25 hadi 24 tu. Kipindi hichohicho, wanaojifungulia vituoni walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Kina mama waliitika wito. Vichanga wakaendelea kufa.

Ndiyo maana naegemea upande wa wodi. Wengi huondoka kwa kuzaliwa njiti, kwa maambukizi au kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kile wanachokiita "mtoto kachoka". Aliyechoka ana dakika moja: akaushwe, asuguliwe mgongo, na kama bado hapumui, apewe hewa kwa ambu, kile kifuko cha mkono cha kusukumia hewa. Sasa mkunga yuko peke yake zamu ya usiku, na kitanda cha pili mama mwingine anasukuma. Dakika hiyo ataigawaje? Kumlaumu mama hapo ni uonevu, na kumlaumu mkunga pia.

Wapo wanaosema tusubiri mashine za kuwatunzia njiti. Zinahitajika, sibishi. Lakini utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotoka 2021, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba njiti wakiwekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi mara tu wanapozaliwa, vifo hupungua kwa robo hivi. Kinachotakiwa ni kitanda cha mama ndani ya wodi ya vichanga, na wahudumu wa kutosha kuwaangalia wote wawili.

Halmashauri zetu, kuanzia Temeke hadi Ubungo, zianzie kwenye vitanda hivyo na mkunga wa pili wa usiku. Na njiti anayepewa rufaa kutoka zahanati za pembezoni asafirishwe akiwa kifuani, kwa mama au hata kwa baba, amefungwa kanga vizuri, asifike hospitali ameshapoa.