Mnara wa Shemeji

Shemeji yangu hajui kununua kitu kifupi. Nilimwagiza hitisinki, kile chuma cha kupooza joto, ya diski ya M.2, ile SSD nyembamba ya milimita 22 kwa 80, nikamwambia kipande chochote cha alumini kinatosha. Akaniletea mnara: mapezi tele, mirija miwili ya shaba, na kileleni kifeni kinacholia kama mbu aliyekosa mlango.

"Shem, PCIe 5.0 inachemka!" akanionya.

PCIe ni njia ya data kati ya diski na kompyuta; diski yenyewe ilikuwa ya toleo la 4.0, la kabla ya hilo. Na sloti ya juu ya mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, iko katikati ya prosesa na kadi ya grafiki, hapo hata kidole kinapita kwa taabu. Tulipoupachika mnara, kipoza cha prosesa kikakataa kukaa. Tukauhamishia sloti ya chini. Huko kadi ya grafiki ndiyo inayopita juu yake. Shemeji akaikandamiza kadi. Ikaanza kupinda.

"Itazoea," akasema.

Nikamshika mkono.

Tukarudi kwenye kifuniko bapa kilichokuja na mazabodi. Kusema kweli, diski nyingi za 4.0 hazidai zaidi ya hicho. Kinachochemka hasa ni chipu ya kidhibiti, tena ukinakili mafaili makubwa mfululizo. Nikamwachia shemeji akifunge, naye apate cha kuhadithia nyumbani.

Nikawasha, nikaanza kunakili video. Joto likapanda: nyuzi 60, 70, 80. Mara kasi ikaporomoka, maana diski ikifika huko hujipunguzia kazi yenyewe isije ikaungua.

"Si nilisema?" shemeji akaruka. "Mnara!"

Nikafungua kifuniko. Kikatoka kirahisi mno, bila kunata hata kidogo, nikajua kuna jambo. Chini yake pedi laini ya kijivu, ile ya kupitisha joto kutoka kwenye diski, na juu ya pedi nailoni ya buluu yenye viputo vya hewa, imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ibanduliwe kabla ya kufunga.

"Shemeji, mbona hukuibandua?"

"Niibandue? Si ndiyo inazuia vumbi?"

Huyu ndiye mtu ambaye rimoti ya televisheni yake mpaka leo imo ndani ya mfuko wake wa dukani, anabonyeza kwa juu juu. Ningejua.

Nikaibandua mwenyewe. Joto likagota kwenye 60 na ushee, video zikamalizika kunakiliwa kabla hajamaliza kunung'unika.

Mnara ameondoka nao. Anasema laptopu yake nayo siku hizi inapata joto.