Niacheni na Ngurumo Yangu

Mimi napenda radi. Sisemi mvua. Mvua hupendwa hata na viazi. Nasema radi yenyewe, ile ya kupasua mbingu mpaka vikombe vinagongana kabatini. Na hapa Manyatta, Kisumu, hilo ni jambo la kusema polepole, maana ukilitamka kwa sauti watu wanakutazama kama umeanza kuokota makopo barabarani.

Aliyekaa Kisumu anaijua saa yake. Mchana kutwa jua linatukausha kama omena. Upepo wa ziwa unapanda nchi kavu taratibu, unakutana na wa kutoka mashariki kule kwenye milima ya Nandi, na hewa iliyobeba maji inakosa njia ila kwenda juu. Ikigonga saa kumi, upande ule umekuwa mweusi kama tako la sufuria ya kuni. Hapo mimi fundi wa mawe sina kazi tena, saruji haichanganywi kwenye mafuriko. Nachukua kigoda, nakaa kibarazani. Televisheni ya kulipia sina, tiketi ya uwanjani sina. Kitu cha bure nilichobakiwa nacho ni hiki, na ndicho watu wameapa nisikitazame kwa raha.

Wa kwanza ni mama watoto. Ngurumo ya mwanzo, ile ya mbali inayokohoa tu, yeye ameshafunika kioo kwa leso. Anachomoa plagi ya televisheni, ya redio, ya chaja, anachomoa hata ya pasi iliyoungua mwaka jana. (Kwa plagi simlaumu. Jirani wa mlango wa sita alijifanya shujaa, sasa televisheni yake ni meza ya kuwekea mkate.) Visu na vijiko vinaenda chini ya kitanda. Kisha ananigeukia.

"Baba Akoth, vua hiyo fulana."

"Kwa nini?"

"Ni nyekundu. Radi hupenda nyekundu."

Radi hutafuta kitu kirefu kilichosimama peke yake, haina habari na rangi. Nimemwambia hivyo miaka kumi. Tena fulana yenyewe ni ya kampeni. Aliyenipa hajarudi tangu apigiwe kura, na radi nayo haijanifikia. Lakini mwisho wa yote nakaa kibarazani kifua wazi, baridi inanitafuna, ili radi inipite kwa heshima.

Anayenielewa ni mmoja tu, binti yangu Akoth. Jina lenyewe linasema: alizaliwa siku ya mvua, radi inapiga wodi nzima inalia, na mimi peke yangu kwenye benchi nacheka mpaka nesi akaniuliza kama nimekunywa. Sasa ana miaka sita na nimemfundisha kuhesabu. Mwanga unafika papo hapo, sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde tatu ni kilomita moja. Umeme ukimulika, unaanza kuhesabu. Ukifika kumi na nane ndipo ingurume, basi iko kilomita sita, upande wa Kibos huko. Ukifika tisa, iko kama Mamboleo. Shida ni kwamba Akoth anapohesabu huruka. "Moja, mbili, tatu, nne, saba, kumi..." Juzi kwa hesabu yake radi ilikuwa bado iko Kibos, kumbe imetua nyuma ya choo cha ploti. Nilimwaga uji wote mapajani. Yeye akasema, "Baba, imekuja na boda."

Na kweli, boda nazo zinakuja. Tone la kwanza tu, kibaraza changu kinageuka stendi: vijana wanne na pikipiki zao, abiria wao, muuza mayai na ndoo yake, mbuzi asiyejulikana ni wa nani. Hakuna anayeniomba nafasi. Na hawa ni wale wenye akili. Wengine wamebaki chini ya ule mwarobaini mkubwa, mahali pabaya kuliko pote, lakini ukiwaita wanajibu kwamba huko hakuvuji.

Mmoja wa wale vijana wa boda ni mwalimu. Kila kijiwe kina mwalimu. Akasema yeye radi haiwezi kumpiga, anakalia raba. Nikamwuliza: kitu kilichokata kilomita za hewa kutoka mawinguni, kitaogopa raba ya inchi moja? Mtu wa ndani ya gari hupona kwa sababu ya bati linalomzunguka, moto unapita nje nje ukashuka chini. Raba haina kazi hapo. "Na wewe bati lako liko wapi?" Akagonga kofia yake ya plastiki. Nikaendelea, maana nilikuwa nimeshapata moto: njia ya radi hufika nyuzi 30,000, kama mara tano ya uso wa jua, hewa inatanuka ghafla, na ule mpasuko ndio ngurumo. Walinyamaza wote. Nikadhani nimewaingia. Kisha muuza mayai akauliza, "Fundi, wewe huwa unalala saa ngapi?"

Lakini kisa chenyewe kiko mlango wa nne. Anakaa mama mmoja wa mitumba, anauza sokoni Kibuye. Siku za jua ni mkali, hata salamu yake inatozwa ushuru. Radi ikipiga anakuwa mtu wa toba. Ukuta kati yetu ni wa tofali moja (nalijua, mimi ndiye niliyeujenga), kwa hiyo kila kitu kinanifikia. Ngurumo ndogo anatubu dhambi za kawaida: wivu, masengenyo, kupunguza bei kwa anaowapenda. Ngurumo kubwa anafungua daftari. Mwezi wa nne ikapiga moja, mwanga na kishindo vikaja pamoja, hata "moja" sikuitamka. Nikasikia kutoka ukutani:

"Bwana nihurumie! Hata lile karai la Baba Akoth ni mimi!"

Karai langu la saruji. Nimelitafuta tangu Krismasi! Nilikuwa nimeshamshuku fundi mwenzangu, tumeacha hata kusalimiana, nimemsema vibaya mpaka kwa shemasi wake. Nikalala na furaha. Asubuhi nikabisha hodi kwa adabu.

"Dada, nimekuja kuhusu karai."

"Karai gani?"

Jua lilikuwa limeshawaka, unaona. Nikamkumbusha maneno yake ya usiku. Akasema maombi ni kati yake na Mungu, na mtu mzima anayesikiliza maombi ya mwenzake ukutani ana dhambi kubwa kuliko karai. Nikarudi nyumbani bila karai na nikiwa na dhambi. Sasa nasubiri radi nyingine kubwa, maana nina panga pia lililopotea, na timazi.

Bawabu wetu ni mzee wa Bunyore. Kule Bunyore kuna ukoo wa Nganyi, watu wa mvua tangu mababu. Wanasoma miti, wadudu, upepo, na hata wataalamu wa hali ya hewa wa serikali walikwenda kuketi nao walinganishe utabiri. Mzee wetu si wa ukoo huo. Lakini tangu asikie habari hizo anatembea kama aliyeshika mfereji wa mbinguni. Wiki iliyopita nilikuwa na zege la kumwaga, nikamwuliza. Akanusa hewa, akatazama mwembe, akafumba jicho moja. "Leo itapita." Saa tisa zege langu limeelea mpaka mtaroni. Nikamwendea nikiwa nimelowa chapachapa. Akasema, "Si nilikwambia itapita? Imepita hapa hapa."

Binamu yangu yuko Kericho, kwenye chai. Nikimpigia simu nimweleze ngurumo ilivyonoga, anakata. Kwao radi hufuatana na mvua ya mawe, na mawe yakipita juu ya chai, majani yanabaki kama sukuma iliyokatwa na mlevi. Huyo namwelewa.

Na kuna mmoja aliyenifunga mdomo. Nilikuwa Dunga namjengea mvuvi ukuta, nikamsimulia ninavyotoka usiku kutazama umeme unavyocheza juu ya ziwa bila sauti. Maana usiku mambo hugeuka: nchi kavu inapoa upesi, maji yanabaki na uvuguvugu, pepo za kila upande zinateremka ziwani kukutana, na radi inahamia huko. Huko ndiko waliko watu wa omena, na taa zao, ndani ya mtumbwi, kitu kirefu kilichosimama peke yake. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Fundi, wewe unatazama sinema. Sisi tuko ndani yake." Nikachukua mwiko, nikaendelea na ukuta.

Hata hivyo sijaacha. Na nikisema ukweli wote, ninachopenda hasa kinakuja baada ya radi kadhaa, umeme wa juu ukishakuja na wa chini ukishaondoka. Stima zetu ni waoga kuliko mke wangu, zinakimbia kabla hata ya kunyesha. Giza linaingia, mvua inashuka kwenye mabati, na hapo, ndugu zangu, duniani hakusikiki kitu. Mwenye nyumba apige simu, haisikiki. Mtu akutume dukani, hasikiki. Tundu moja la bati linavujia upande wangu wa kitanda, naweka sufuria, nayo haisikiki. Unakaa tu na ngurumo yako.

Jumanne ilikuwa hivyo. Mama watoto akaja akaketi karibu, kajifunika blanketi, akaanza kuniambia jambo. Midomo ilikuwa inakwenda. Nikaitikia kwa kichwa. Akauliza kitu, nikaitikia. Akanyoosha vidole vitatu, nikaitikia kwa moyo wote, hata nikatabasamu. Akanishika mkono. Nikasema moyoni, kumbe naye ameanza kuipenda radi.

Ijumaa alasiri, wingu likijikusanya Nandi, pikipiki ikasimama mlangoni na godoro limefungwa nyuma. Shemeji yangu akashuka, na begi, na sufuria yake mwenyewe. Miezi mitatu, akasema, kama tulivyokubaliana, mpaka apate kazi. Alikuwa amevaa sweta jekundu. Dada yake alimvua hata hajamaliza kunisalimu.